Bunduki na shule: mwongozo wa mzazi na mwanabodi wa Lamu, kabla hamjasema walimu wapewe bastola

Kila kukitokea shambulizi upande wa Hindi ama Witu, huku bara ya Lamu, haipiti siku mbili kwenye grupu la wazazi utaiona tena ile video ya mwalimu wa Marekani na bastola kiunoni, na chini yake mtu keshaandika "na wetu wapewe". Wengine wanaitikia, wengine wanakuja juu, watu wanarushiana maneno mpaka usiku, halafu mada inakufa na hakuna kilichofanyika, shule ni ile ile na geti ni lile lile linafungwa kwa waya.

Nimeandika hii kwa wazazi, wanabodi, walimu na maustadhi wa madrasa ambao mkutano ukiitishwa wanatakiwa wawe na la kusema. Msimamo wangu nausema mapema usije ukanitafuta huko mbele: kabla ya kuulizana nani apewe bunduki, ulizaneni hiyo bunduki ikiwa haitumiki inalala wapi na ufunguo anao nani. Angalieni tu karatasi za mtihani wa taifa. Zinakaa kwenye kontena makao ya kaunti ndogo, kufuli mbili, afisa wa elimu na wake na naibu kamishna wa kaunti na wake, hakuna anayefungua peke yake, na polisi wamesimama hapo nje na bunduki. Hizo ni karatasi. Sasa mtu anataka bastola ikae droo ya mwalimu, droo ambayo kitasa chake kilikufa zamani na watoto wanajua kuifungua kwa rula.

Jueni kwanza mnazungumzia bunduki gani

Kwenye mikutano watu husema "bunduki" tu, na kila mmoja ana picha yake kichwani. Ziko tatu na kila moja ina njia yake.

Kuna ya serikali, anayo askari polisi, mwanajeshi, ama polisi wa akiba wale tunaowaita KPR. Kuna ya raia mwenye cheti, labda mfanyabiashara, labda mzazi mmoja hapo kwenu na wala hamjui. Halafu kuna isiyo na mwenyewe: iliyoangushwa msituni, iliyofichwa na mtu, ama risasi moja tu mtoto kaiokota njiani akaitia mfukoni akaja nayo mpaka darasani. Kwa huku kwetu hiyo ya tatu ndo inayonitia hofu zaidi na ndo hakuna anayeizungumzia, watu wanapenda kuzungumza bastola za kwenye video.

Sheria ya Kenya, kwa maneno ya barazani

Sheria ni ile ya Silaha, Sura ya 114, ya tangu mkoloni miaka ya hamsini, imekuwa ikitiwa viraka mpaka leo. Msingi wake ni mwepesi, Kenya bunduki si haki yako, ni ruhusa unapewa na unaweza kunyang'anywa. Raia hana ruhusa ya kununua wala kuwa na bunduki, wala hata risasi zenyewe, bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha. Utaulizwa unaitakia nini na hiyo sababu iwe ya maana, utachunguzwa rekodi yako kwa polisi, utaangaliwa kama ni mlevi ama akili haijatulia, na cheti unakihuisha kila mwaka. Desemba 2018, waziri akiwa Fred Matiang'i, wenye vyeti wote nchi nzima waliamrishwa wakaguliwe upya, na wako waliokuwa na silaha miaka na miaka wakaambiwa wazirudishe. Kwa hivyo mtu akikwambia "mimi nina leseni ya tangu zamani" sio jibu hilo.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, sheria inamtaka mwenye silaha aiweke salama saa zote, achukue kila tahadhari isipotee, isiibiwe, na asiyeruhusiwa asiifikie. Saa zote, yaani hata ukiwa ubaoni unaandika hesabu na begi lako umelitundika kwenye kiti na watoto hamsini sitini wanakupita kupeleka vitabu.

Sasa swali lenyewe: je mwalimu Kenya anaweza kupewa bunduki kwa sababu ni mwalimu? Hapana, mpango wa hivyo haupo kwenye sheria zetu. Bodi ya shule haina uwezo wa kumruhusu, mwalimu mkuu hana, chifu hana, hata mkutano mzima wa wazazi mkinyosha mikono yote miwili. Mwalimu mwenye cheti chake binafsi ni raia kama mwingine, na bodi inaweza kabisa kuandika kwenye kanuni zake kuwa ndani ya ua wa shule haingii nayo. Liandikeni, lisiwe la mdomo.

Na polisi wa akiba wako chini ya sheria ya polisi ya 2011, bunduki aliyo nayo ni ya serikali, amri anapokea kwa polisi, haipokei kwa mwalimu mkuu. Hili nitalirudia chini manake linaleta fujo sana.

Wamarekani wenyewe wanafanyaje

Hii "Marekani walimu wana bunduki" ni maneno ya nusu. Huko kuna sheria ya nchi nzima, ya 1990, inayokataza bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, ni kama mita 300 hivi. Mahakama ya juu iliibatilisha 1995, bunge likairudisha 1996 ikiwa imerekebishwa. Lakini ina milango: mwenye leseni ya jimbo anapita, aliyeruhusiwa na shule kwa mkataba anapita. Kwa hivyo kazi yote imebaki kwa majimbo na kila jimbo na lake.

Texas walianza mapema, 2007, wilaya moja ndogo ya shambani inaitwa Harrold, hoja yao ilikuwa polisi wako mbali, na hiyo hoja mtu wa vijiji vyetu vya mbali kama Basuba ama Kiunga anaielewa bila kuelezwa. Baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa shule ya Sandy Hook Desemba 2012, Texas ikatunga mpango wa pili, mafunzo saa 80, na mwanzoni sheria ilisema mfanyakazi anayekaa na wanafunzi kila siku bastola iwe kwenye sefu iliyofungwa, karibu naye, haikai kiunoni. Baadaye wakalegeza. Florida baada ya watu 17 kuuawa shule moja ya Parkland, Februari 2018, wao wanataka saa 144, kupimwa akili, kupimwa madawa, na anayefundisha ni ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti kule. Ohio nao mahakama yao ilisema 2021 kwamba mwalimu mwenye silaha lazima asome karibu kama polisi, zaidi ya saa 700, mwaka uliofuata wanasiasa wakatunga sheria mpya wakaishusha: isizidi saa 24. Tennessee 2024 wakasema saa 40, na mzazi haambiwi ni mwalimu gani anayo.

Hapo pa Tennessee mimi ndo nagoma kabisa. Mwanangu anakaa chumba kimoja na silaha na mimi nisiambiwe? Wao wanasema siri ndo kinga yenyewe, muuaji asijue amlenge nani kwanza. Hoja ina mantiki, siwezi kusema haina. Ila kwa mji kama wetu ambao ukinunua nazi mtaa wa Langoni mpaka mtaa wa Mkomani washajua bei uliyolipia, siri hiyo itakaa siku ngapi?

Kwa hivyo mtu akiileta ile video, muulize: jimbo gani, saa ngapi za mafunzo, na inalala wapi. Hatakuwa na jibu. Halafu mwambie habari ya shule ya Uvalde, huko huko Texas, Mei 2022, waliuawa watoto 19 na walimu wawili. Ripoti ya bunge la jimbo inasema maafisa 376 walifika, wenye bunduki wote, na muuaji alikaa ndani dakika 77 hivi kabla hawajaingia kummaliza. Kilichomuingiza ndani ni mlango wa nje uliofungwa lakini haukujifunga kwa ufunguo. Kitasa.

Walio karibu na hali yetu

Marekani shida yao kubwa ni kijana wao wenyewe aliyevurugikiwa. Sisi shida yetu ni wavamizi kutoka msituni, kina Al-Shabaab, kwa hivyo mfano bora ni Pakistan na kusini ya Thailand.

Pakistan, Desemba 2014, Peshawar, shule ya jeshi, wakauawa zaidi ya 130, wengi watoto. Mwezi mmoja baadaye jimbo lile la Khyber Pakhtunkhwa likaruhusu walimu wawe na silaha. Mwaka huo huo wa 2015, huko Swat, mwalimu alikuwa akisafisha bastola yake shuleni, risasi ikatoka, mwanafunzi akafa. Lakini Januari 2016 kwenye chuo cha Bacha Khan huko Charsadda, mhadhiri wa kemia alisimama na bastola yake akawarushia risasi wavamizi, wanafunzi wakapata kukimbia, yeye akauawa. Nayaweka yote mawili hapa kwa makusudi, anayekutajia moja akakuficha jengine anakuuzia kitu.

Thailand, mikoa ya kusini, waasi walikuwa wanawawinda walimu hasa, na serikali ikawaruhusu kubeba bastola tangu kama 2004, 2005. Walimu zaidi ya 150 wameuawa mle kwa miaka iliyofuata. Wengi njiani, kwenye pikipiki, asubuhi wakienda kazini, na bastola kiunoni haimsaidii kitu mtu anayepigwa kwa nyuma. Na sisi tuangalie wapi walimu wetu wamekufa: basi la Mandera Novemba 2014 lilikuwa na walimu wakienda likizo. Kamuthe, Garissa, Januari 2020, walimu watatu waliuawa usiku kwenye makazi yao. Chuo cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148, walinzi wa getini ndo waliuawa kwanza, alfajiri. Kwa hivyo usafiri, nyumba za walimu, na alfajiri. Mkutano wenu ukitumia saa nzima kwenye bastola na dakika tano kwenye nyumba za walimu, mmekaa bure. Zile shule tano za wadi ya Basuba, kina Milimani na Mangai na Mararani na Kiangwe na Basuba yenyewe, zilifungwa miaka kwa sababu ya usalama, na watoto wa Kiaweer, wale Waboni, wakakosa masomo.

Mkipewa askari ama KPR alinde shule

Hii ndo hali ya kweli kwa shule nyingi za bara huku, Hindi, Witu, Mpeketoni, na hapa ndo bodi ina kazi ya kufanya. Wengi wanashukuru askari amekuja, wanampa chai, basi. Hapana, kaeni chini na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku ya kwanza, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa bodi wawepo, na yaandikwe.

Anaamrishwa na nani. Polisi. Mwalimu mkuu asimtume kufukuza watoto waliochelewa wala kumtisha mzazi asiyelipa pesa za chakula. Nimesikia mahali askari alitumwa kutuliza kidato cha tatu waliokataa kula maharagwe, na bunduki begani, jama, kwa maharagwe?

Anakaa wapi. Pahali anaona njia na geti lakini watoto hawapiti karibu naye kila dakika. Asikae ofisi ya walimu, asikae kivuli kile kile ambacho darasa la kwanza wanachezea. Foleni ya uji isipite mbele yake.

Bunduki inashikwa na nani akienda kusali, na hili kwetu ni la kila siku. Adhuhuri imeingia, askari anataka kutia udhu, bunduki kaisimamisha ukutani. Haifai hata dakika moja, iwe ukutani, mtini ama juu ya benchi. Dawa ni wawe wawili wapokezane, mmoja anasali mwengine anashika zamu, na akiwa mmoja tu basi apate zamu na kituo iwe watoto wametoka. Choo ni vile vile. Marekani 2018 mwalimu wa shule ile ile ya Parkland aliisahau bastola yake kwenye choo cha umma, mlevi akaiokota akafyatua. Na huyo mwalimu alikuwa anajua uzito wa mambo kuliko mtu yeyote.

Kusafisha, kutia risasi na kutoa, vyote kituoni. Shuleni hakuna hata kimoja. Na hapa kila mtu mzima ajue kitu kimoja ambacho kinaua watu kila pahali duniani: kutoa magazini, kile kikasha cha risasi, hakumaanishi bunduki iko tupu. Risasi moja inaweza kuwa imeshapanda kwenye chemba, ndani ya bunduki yenyewe, na hiyo inatoka hata magazini iko mezani. Mtu anatoa magazini, anacheka, anasema "iko tupu hii", anabonyeza. Ndo mana wanaofunza silaha wanaanza na kanuni zile zile popote uendapo: kila bunduki ichukulie ina risasi, mdomo wake usiuelekeze kwenye kitu usichotaka kukiharibu, kidole nje ya kifyatuo mpaka unapopiga, na ujue unacholenga na kilicho nyuma yake.

Usiku inarudi kituoni ama anakaa nayo askari aliye zamu macho. Hailali stoo ya shule, hailali kwa mwalimu mkuu hata kwa "usiku mmoja tu, boti imekosekana".

Mkimuona amelewa, ama anasinzia na silaha mapajani, ama anagombana na watu, mwalimu wa zamu anampigia OCS siku ile ile, hasubiri mkutano. Na KPR wengi wanajitolea, wana njaa kama sisi, chakula mpeni kwa moyo mweupe lakini msimgeuze kibarua wenu wa kulipwa kwa siri, siku mkikosa pesa itakuwa vipi?

Halafu picha. Msimpige picha, msiweke grupuni "sasa tuna askari wawili, wanaondoka saa kumi". Mnamtangazia nani?

Kuwafundisha watoto

Kwenye sheria za Marekani kuna upande ambao mimi ningeuiga kesho, na hauna bunduki ndani yake. Tennessee, Utah na Arkansas zimeamua shule zifundishe usalama wa bunduki, kwa maana ya mtoto akiikuta afanye nini, bila kushika silaha yoyote. Maneno yake ni ya kampeni ya watoto iliyoanza 1988, kwa Kiswahili tunaweza kuyasema manne: simama, usiguse, ondoka, kamwambie mtu mzima. Paredi ya Jumatatu inatosha dakika kumi.

Ila kusema tu hakutoshi, na hili limechunguzwa sana. Watoto waliofundishwa kwa maneno na video walijibu maswali yote vizuri, halafu walipoachwa peke yao na bunduki (ya majaribio, haina kitu) wengi wakaishika. Waliofanya vizuri ni wale waliozoezwa kwa vitendo na kurekebishwa papo hapo. Kwa hivyo fanya hivi: chukua bunduki ya plastiki, ile ya Idi, iweke mahali mtoto anapita kwenda kisimani ama nyuma ya darasa, wewe jifiche. Akiigusa, toka, bila kelele, mrudishe afanye tena mpaka akasimama, akaondoka, akaja kukwambia kweli. Rudia baada ya wiki kadhaa pahali pengine. Usitumie bunduki ya kweli hata ukiapiwa iko tupu, umeshasoma juu kwa nini.

Kwa Lamu mimi ningeongeza vitu viwili. Kwanza bunduki haitoshi, fundisheni risasi, ganda la risasi, na chuma chochote wasichokijua chenye mapezi ama pini. Ganda la shaba linang'ara, watoto wanalipenda, na wanajua linauzika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pahali jeshi limepita ama limefanya mazoezi kunabaki vitu, waulizeni wachungaji wa Samburu huko Archer's Post, waliookota mabaki ya mazoezi ya jeshi la Uingereza yakawalipukia miaka mingi, mpaka 2002 Waingereza wakalipa fidia.

Pili, mtoto aliyesema asipigwe. Viboko shuleni vimeshapigwa marufuku kwa sheria ya 2013, lakini tusidanganyane, na nyumbani je? Mtoto akijua atachapwa kwa kwenda msituni, ile risasi ataificha chini ya godoro. Mwambieni waziwazi: ukituambia, hakuna atakayekuuliza ulikuwa unafanya nini kule mpaka kitu kiwe kimeshaondolewa.

Na kama kishafika shuleni? Usimrukie ukampokonya. Mwambie kwa sauti ya kawaida akiweke chini polepole, kwenye mchanga, arudi nyuma. Toa darasa zima upande wa pili. Mtu mzima mmoja asimame mbali azuie watu, mwengine aende apige simu kituoni ama 999 ama 112. Usikitie kwenye droo ya ofisi, usikitie ndoo ya maji, usikitupe kwenye jaa linalochomwa, manake risasi ikipata moto hupasuka na vipande huruka. Kama kinafanana na bomu basi kisiguswe kabisa, wote muwe mbali zaidi ya uwanja wa mpira, na simu pigieni huko huko mbali. Picha achana nazo, najua kidole kinawasha.

Bunduki za Idi

Sina ugomvi na furaha ya watoto, Idi ni yao. Lakini hizi za plastiki sasa zinafanana na za kweli kupita kiasi, nyeusi kabisa, na kijana wa miaka kumi na mbili akiinyosha dirishani gari likifika kizuizi cha jeshi kwenye barabara ya Garsen, saa za magharibi, mwanajeshi hana muda wa kuuliza ni ya duka gani. Mtaani sawa, ndani ya gari na boti hapana, ikae ndani ya mfuko chini ya viti. Nunua zile za rangi ya pinki na kijani, za maji.

Nyumbani kwenu na kwa jamaa

Shule ikiwa salama na nyumba ya jirani ina bunduki chini ya mto, hujafanya kitu. Madaktari wa watoto kote wanasema la aina moja: itolewe risasi, ifungiwe, risasi zifungiwe pahali pengine, funguo asizijue mtoto. Na usiseme "wangu hawajui nilipoiweka". Watoto hawa wanajua hata kaimati za futari umezificha wapi. Michigan, baada ya kijana kuua wanafunzi wanne shuleni Oxford Novemba 2021 kwa bastola aliyonunuliwa na babake, baba na mama wote wawili walihukumiwa 2024, kila mmoja miaka 10 mpaka 15. Hiyo ni sheria ya kwao, lakini hapa pia sheria inakutaka uiweke isifikiwe na asiyeruhusiwa, na mtoto hajaruhusiwa.

Mtoto wako akienda kulala kwa ndugu ambaye ni polisi ama KPR, uliza. Watu wanaona haya, wanaona ni kama kumtuhumu mtu. Anza na salamu zako zote mpaka ziishe, halafu: "Ami, samahani, hawa wajukuu zako wana mikono, ile amana ya kazi ikiwa ndani huwa umeifungia?" Ami wa maana atakujibu "mwanangu, ile iko kituoni" ama "iko kwenye sanduku na ufunguo ninao hapa shingoni". Akikasirika, mtoto alale kwenu siku hiyo, sababu sema ni mafua. Na kama nyumbani kuna kijana aliyenyamaza ghafla, halili, hatoki, hapo bunduki itoke ndani ya nyumba kabisa siku ile ile, irudi kituoni, na nambari ya kusaidia watoto ni 116, bure.

Siku ya mkutano

Ikifika siku, msianze na "tuwe na bunduki ama tusiwe nayo", mtapigana mpaka Isha. Mwenyekiti aanze na geti, kitasa, ua, ni nani ana funguo za madarasa, na kama watoto wa bweni wana mlango wa pili wa kutokea. Kisha nyumba za walimu na safari zao za mwanzo na mwisho wa muhula, nani anawasindikiza. Kisha kengele: ile ya kawaida ya kutoka nje kwa moto, na nyengine ya sauti tofauti ya kujifungia ndani, zisichanganywe, na lifanyike zoezi kila muhula na watoto waambiwe kabla kuwa ni zoezi, msiwatie kiwewe bure. Rejista ya asubuhi iitwe kweli, siku ya balaa ndo itakayowaambia nani hayupo.

Ndo mfike kwenye silaha. Katibu aandike: hakuna mwalimu, mfanyakazi wala mzazi anayeingia na silaha, mwenye cheti aiache kwake ilipofungiwa. Askari aliyeletwa yuko chini ya OCS na makubaliano yale ya juu. Kitu kilichookotwa, hatua ni zile nilizoandika juu. Mzazi anayetaka walimu wawe na bunduki ana haki ya kusikilizwa, mwambieni alete kwa maandishi majibu ya mafunzo ya saa ngapi na nani atafundisha, nani atapima akili, bima ya mtoto akipigwa kwa bahati mbaya italipwa na nani, na inalala wapi. Akiyaleta, pelekeni kwa mbunge wenu, kwa sababu huko ndo sheria inabadilishwa, bodi haiwezi.

Kumbukumbu za mkutano zenye mambo ya zamu na funguo zisibandikwe ubaoni wala kupigwa picha. Nakala moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa mwenyekiti, moja kwa OCS, na wazazi wengine wasomewe kwa mdomo yale yanayowahusu.